Sabuni tatu zilizonivunja moyo, na mtungi wa maji ya mvua

Asubuhi ya Idi mwaka jana nilikwenda kuswali na madoa matatu ya damu kwenye kola ya kanzu mpya. Mke wangu aliyaona nikiwa tayari mlangoni, akayasugua kwa kitambaa na maji baridi, yakafifia ila hayakutoka. Shingo ilikuwa inawaka kama iliyopakwa pilipili. Siku ya tatu vipele vikajipanga chini ya taya, kulia na kushoto, nikakaa majuma mawili bila kugusa wembe. Kilichonifikisha hapo ni sabuni ya kunyolea niliyoisubiri majuma matano, iliyokuja kutoka Ulaya ndani ya bakuli la mbao lenye kifuniko.

Jina lake silitaji, wala la zile mbili zilizofuata. Nataka kueleza kilichotokea, kwa sababu najua wako wanaume wengi wa Pwani wanaoanza kunyoa kwa brashi na sabuni, wanakata tamaa mwezi wa kwanza, wanarudi kwenye povu la kopo huku wakiamini kwamba ngozi zao ndizo zenye kasoro.

Mimi nimeanza mbali. Babu yangu mzaa mama alikuwa kinyozi hapa Mombasa, upande wa Mwembe Tayari. Alikuwa na kiti cha mbao chenye mgongo mrefu, wembe wa kukunja aliounoa kwenye mkanda wa ngozi, kikombe cha bati kilichobanduka rangi, brashi, na kipande cha shabu cha kupitisha usoni mwishoni ili kuzuia damu. Siku za likizo nilikuwa nakaa karibu na miguu yake nikimtazama akikoroga. Hakuwa na haraka. Povu lilipanda taratibu, likawa zito, likasimama juu ya brashi bila kudondoka, na alipompaka mteja usoni lilikaa palepale mpaka amalize habari za jana na juzi. Sura hiyo ndiyo niliyokuwa naitafuta nilipoanza kununua sabuni zangu mwenyewe. Miaka mitatu nilinunua, na miaka mitatu sikuiona.

Wasiojua hudhani povu ni pambo. Ndevu kavu ni ngumu, wembe unazivuta kabla ya kuzikata. Zikilowa dakika mbili tatu zinafura na kulainika, na wembe unapita kwa nguvu kidogo sana. Kazi ya povu ni kuyashika yale maji juu ya ndevu yasikauke, na kuupa wembe mahali pa kuteleza. Kwa sisi wenye ndevu za kujikunja jambo hili ni kubwa zaidi. Unywele uliovutwa kisha ukakatwa unarudi chini ya ngozi na ncha kali, au unajikunja na kuingia tena ubavuni mwa tundu lake. Hapo ndipo kipele kinapozaliwa, na baada ya kipele, doa jeusi lisiloondoka kwa mwaka. Babu hakuwa na maneno ya kitaalamu, lakini alikuwa akipapasa shingo ya mteja kwa kidole kwanza ajue ndevu zinaelekea wapi, na kamwe hakunyoa kinyume chake. Mteja akimsihi amnyoe kinyume ili uso uwe laini zaidi, alikuwa akimjibu, "Mwanangu, ulaini wa leo ni vipele vya kesho."

Turudi kwenye bakuli la mbao. Harufu yake, wallahi, ilikuwa nzuri. Sandali ya kweli, ilijaza chumba cha kuogea na ukumbi. Pamoja na usafirishaji ilinigharimu shilingi elfu nne na mia mbili, pesa ambayo nyumbani kwangu ni mchele wa mwezi na zaidi. Usiku wa kuamkia Idi niliiweka juu ya sinki kama mtu anayeandaa nguo. Asubuhi nikailowesha, nikakoroga nusu dakika, dakika moja, dakika mbili. Povu likaja na mapovu makubwa kama ya sabuni ya kufulia. Nikapaka shavu la kushoto, nikageuka kuchukua wembe, niliporudi kwenye kioo shavu limebaki na utando mweupe mkavu, mithili ya ukuta uliopakwa chokaa. Nikaongeza maji, utando ukateleza wote ukaingia sinkini. Jamaa walikuwa wanapiga honi chini. Nikanyoa hivyo hivyo, na kilichofuata nimeshakisema.

Sabuni ya pili iliniuma zaidi kwa sababu niliitaka ifaulu. Ilitengenezwa hapahapa Pwani, na mtu mwenye karakana ndogo, kwa mafuta ya nazi, udi na karafuu. Niliponunua nilijiambia kwamba hatimaye tumepata yetu. Povu lilikuja kwa sekunde kumi, tele, likajaa bakuli. Nikapaka. Nilipofika kidevuni lile la mashavuni lilikuwa limekwisha kupasuka lote, na karafuu imeanza kuchoma midomo. Mafuta ya nazi ndivyo yalivyo. Sabuni yake hutoa povu hata kwenye maji ya bahari, ndiyo maana toka zamani iliitwa sabuni ya mabaharia. Lakini ni povu jepesi, lina haraka ya kuja na haraka ya kuondoka, na yakizidi mafuta hayo kwenye sabuni ngozi inabaki inakwaruza kama karatasi. Kwa kuoga si mbaya. Kwa kunyolea, nazi inahitaji mwenzake.

Mwenzake ni asidi ya steariki, moja ya asidi za mafuta. Hii ndiyo iliyomo kwa wingi kwenye shahamu ya ng'ombe, na hupatikana pia kwenye mafuta ya mimea, kama siagi ya kakao, au kwa kusindika mawese. Ndiyo inayotoa povu dogo-dogo, zito, linalokaa. Sabuni nzuri ya kunyolea huwa imejaa steariki, kisha nazi kidogo ya kuharakisha, na hupikwa kwa potasi pamoja na kostiki soda. Kostiki soda peke yake hutoa mche mgumu kama ule wa kufulia, potasi hutoa sabuni laini inayoyeyuka upesi kwenye brashi. Haya niliyajua baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba nimeshatumia zaidi ya shilingi elfu tano na uso wangu uko vilevile.

Ya tatu ilitoka kwa binamu yangu, mtoto wa ami, anayeishi Glasgow. Nilikuwa nimemlalamikia kwenye simu, akacheka, kisha akanikatia nusu ya sabuni yake mwenyewe kwa kisu, akaifunga na kumpa mtu aliyekuwa anakuja Mombasa kwa likizo. Ina lanolini ndani yake, yaani mafuta yatokanayo na sufu ya kondoo. Akanitumia na video ya povu lake. Niliitazama mara nne. Lilikuwa povu la babu, zito kama mtindi, linasimama lenyewe.

Kwangu halikusimama. Nilikoroga mpaka mkono ukauma, nikapata maji meupe. Nikabadilisha bakuli, nikabadilisha brashi, nikaongeza sabuni. Maji meupe. Hii haikuwa sabuni inayofanana na yake, ilikuwa sabuni ileile, alama ya kisu bado inaonekana ubavuni. Nikampigia. Nilitegemea aniulize nakoroga vipi, maana kila mtu huuliza hivyo.

Akasema, "Kaka, unatumia maji gani?"

"Ya kisima. Ya mfereji hayajaja toka Jumatatu."

"Hebu fungua birika lako la chai, utazame ndani."

Nikafungua. Mnajua kilichomo ndani ya birika la mtu wa kisiwani anayetumia maji ya kisima: ukoko mweupe, mgumu, unaobanduka vipande. Akaniambia la kwake lina miaka sita na linang'aa. Maji ya Glasgow yanatoka ziwa la Loch Katrine, kule milimani, na yamekuwa yakitoka huko tangu 1859, Malkia Victoria alipokwenda mwenyewe kuufungua mradi ule. Ni maji ya mvua yaliyokusanyika juu ya mawe yasiyoyeyuka, kwa hiyo yanafika mfereji wa binamu yangu karibu kama yalivyoanguka.

Ya kwangu yamepita wapi? Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya matumbawe. Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, imejengwa juu ya jiwe hilo na kwa jiwe hilo. Chokaa ya nyumba za Mji wa Kale ilichomwa kutokana na matumbawe hayohayo. Mvua inayoanguka hapa inapenya humo taratibu kabla ya kufika kwenye visima vyetu, na inapopenya inaondoka na chokaa. Shuleni tulifundishwa kuyaita maji magumu, tukaandika kwenye daftari, tukafaulu mtihani, na sikuwahi kuliunganisha lile somo na uso wangu.

Sabuni ikikutana na maji hayo, kalsiamu na magnesiamu zilizoyeyuka ndani yake zinazishika asidi za mafuta, na kinachozaliwa hakiyeyuki tena. Ndio ule utando mkavu wa asubuhi ya Idi, ndio pete ya kijivu kwenye beseni, ndio ugumu wa taulo zetu. Na asidi inayoshikwa mwanzo mwanzo ni hiyohiyo ya steariki, tegemeo la povu la kunyolea. Kwa hiyo kadiri sabuni ilivyotengenezwa vizuri kwa ajili ya ndevu, ndivyo inavyoumia kwenye maji yetu, na ile ya nazi inasimama ikitoa povu lake jepesi. Nilipolielewa hilo nilikaa kwenye ukingo wa kitanda muda mrefu. Nilifikiria ile sandali ya elfu nne na nilivyoitukana.

Nikasubiri masika. Mvua ya kwanza niliiacha ipite isafishe vumbi na kinyesi cha kunguru juu ya mabati. Ya pili nikaweka pipa chini ya mlizamu, nikapata mitungi mitatu ya lita ishirini. Jumapili moja, nyumba imetulia, nikafanya jaribio. Mabakuli mawili: moja maji ya kisima, moja maji ya mvua. Upande wa kushoto wa uso kisima, wa kulia mvua. Sabuni zote tatu, Jumapili tatu mfululizo.

Sabuni ya binamu kwenye maji ya mvua ilipanda kwa nusu dakika. Sijui niwaeleze vipi. Brashi ilikuwa nzito mkononi. Niliipaka upande wa kulia, nikaiacha kwa makusudi dakika nne nikiitazama kwenye kioo, haikusogea. Wembe ulipopita sikuusikia, nikalazimika kupapasa kwa kidole kujua kama umekata. Upande wa kushoto, yaleyale maji meupe. Nilimwita mke wangu aje aone pande mbili za uso mmoja. Alisimama mlangoni akasema, "Basi ndiyo maana marehemu babu yako alikuwa mkali na lile pipa."

Na mimi ndipo nikakumbuka. Nyuma ya kibanda cha babu palikuwa na pipa la chuma, limefunikwa kwa kipande cha bati na jiwe juu. Lilijazwa na mlizamu wa duka la jirani. Sisi watoto tulikatazwa kuchota humo hata kwa kunawa mikono, wakati mfereji wa karibu ulikuwa ukitoa maji siku nzima. Tulidhani ni ukali wa wazee tu. Kiangazi pipa likikauka, alikuwa akichemsha maji usiku kwenye sufuria kubwa, akayaacha yatulie hadi asubuhi, akamimina ya juu na kumwaga ya chini. Bibi alikuwa akinung'unika juu ya makaa. Hakutueleza kamwe kwa nini. Labda naye alionyeshwa na aliyemfundisha kazi, ikawa ndio desturi, haikuhitaji maneno. Angenieleza siku moja tu ningeokoa miaka mitatu, lakini na mimi sikumuuliza, na ilinipasa kuuliza.

Sabuni ya sandali kwenye maji ya mvua ilikuwa nafuu, wala haikufika mbali. Povu lilikaa, ila wembe ulikuwa bado unagota. Nikachukua miwani nikasoma maandishi madogo chini ya bakuli, jambo ambalo nawasihi mlifanye kabla ya kulipa. Viambato huandikwa kwa kufuata wingi, kilicho kingi kwanza. Ukiona mwanzoni asidi ya steariki, au talowati, yaani shahamu iliyokwisha kuwa sabuni, au stearati, yaani steariki iliyokwisha kuwa sabuni, na potasiamu (ile ya potasi) imo, pana matumaini. Ile ya kwangu ilianza na mawese na nazi zilizopikwa kwa soda, steariki ikaja mbali huko chini, karibu na manukato. Ilikuwa sabuni ya kuogea iliyotiwa ndani ya bakuli la kunyolea. Mwandishi wa mambo ya kunyoa niliyekuwa namsoma kabla ya kuinunua alikuwa amelisifu jina hilohilo, pengine lilipokuwa bado linapikwa kwa shahamu, maana viwanda vingi vimehama kutoka shahamu kwenda mafuta ya mimea, boksi likabaki lilelile na nembo ileile. Kuhama si kosa, mimea ikipangwa vizuri inatoa sabuni nzuri kabisa. Kinachoniudhi ni kumuuzia mtu historia ya miaka mia juu ya kifuniko na kumwachia mafuta ya rahisi chini yake.

Ya nazi na karafuu haikubadilika hata chembe. Nilimwandikia aliyeitengeneza, kwa heshima, nikampa maoni yangu juu ya steariki na potasi, nikamwomba aipunguze karafuu. Hajajibu bado. Akijibu nitanunua tena, natamani sana mtu wa kwetu aipatie.

Suala la shahamu linawagusa Waislamu wenzangu, nami nimeulizwa. Kwenye sabuni za viwandani neno talowati kwa kawaida ni ng'ombe au kondoo, lakini neno peke yake halikwambii alichinjwa vipi, na masheikh wana maneno yao juu ya kitu kilichogeuka kikawa kitu kingine. Mimi si mwanachuoni, muulize unayemwamini. Kwenye brashi nina uhakika zaidi: brashi yangu ya kwanza iliandikwa "nywele asilia" na muuzaji hakufafanua. Brashi za bei ndogo za namna hiyo aghalabu ni za nywele za nguruwe. Nilipojua niliitoa nyumbani siku hiyohiyo, nikanunua ya nyuzi za kutengenezwa. Kumbe ni bora zaidi kwa hali yetu, inakauka kwa saa chache hata kwenye unyevu wa Mombasa, haioti ukungu.

Kuna aliyenishauri kukamulia ndimu kwenye maji ili kuua chokaa. Nilijaribu. Matone machache tu, na povu likakatika papo hapo kama maziwa yaliyotiwa ndimu, vipande vyeupe vikielea. Ndimu ni kali kuliko sabuni inavyoweza kustahimili, inairudisha kuwa mafuta. Msipoteze sabuni zenu kwa njia hiyo.

Kuchemsha, kama alivyofanya babu, kunasaidia. Sehemu ya chokaa inaganda na kutua chini, ndio ule ukoko wa birika. Haiondoki yote, na chumvi inabaki, lakini ukimimina kwa utulivu unapata maji ambayo sabuni nzuri inaweza kuyashinda. Nami naongeza sabuni mara mbili ya nilivyozoea, kwa sababu sehemu yake inakwenda kupigana na chokaa kabla povu halijaanza.

Mpwa wangu anayefanya kazi Maskati aliniletea mwezi wa Agosti sabuni ya kijiti ya Arko, ya Kituruki, ambayo vinyozi wa kwao wanaijua vizuri. Imefungwa karatasi ya fedha, inanukia ndimu kali kiasi kwamba mke wangu aliihamisha kutoka kabati la nguo. Ndani yake ni talowati ya potasiamu na asidi ya steariki, mwanzoni kabisa mwa orodha. Unaisugua moja kwa moja kwenye ndevu zilizolowa kisha unaikoroga kwa brashi palepale usoni. Bei yake ni ya kikombe cha chai na mahamri. Kwenye maji ya kisima yaliyochemshwa ilinipa povu ambalo ile ya mbao haikunipa hata kwenye maji ya mvua. Vipele vya taya la kushoto vimekauka, la kulia limebaki doa moja. Nanyoa mara mbili kwa juma, kwa kufuata ndevu zinavyoelekea, kisha shabu.

Bakuli la mbao nimelisafisha, sasa nakorogea humo. Mitungi ya mvua imebaki miwili, nimeifunika na kuiweka kivulini nyuma ya mlango wa jikoni mpaka vuli. Kwa kweli ni mmoja na nusu. Jana mke wangu alichota ya kuosha nywele zake, akasema zimelainika kuliko siku zote, na kwamba kuanzia sasa mtungi mmoja ni wake.